Steringi ya Gari la Subukia

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Mke wangu husema hata nikikaa kitini, mguu mmoja uko njiani. Lakini mwaka ule wa gari la Subukia nilizidi, na sababu yake nitaieleza bila kujipamba.

Nilikuwa fundi katika gereji ya Kalasinga mmoja hapa Nakuru, karibu na reli. Baba yangu aliletwa bara na kazi ya reli kutoka Pwani, akaniachia maneno mengi na kiburi kingi zaidi. Miaka hiyo ya hamsini magari tuliyoyajua yalikuwa ya Kiingereza. Ndipo mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa Subukia akaagiza gari la Kimarekani, pana kama kitanda cha maharusi, lenye steringi inayosaidiwa na pampu ya mafuta. Siku za wiki aliendeshwa. Jumapili alipenda kuendesha mwenyewe, na bega lake bovu lilitaka usukani mwepesi.

Aliyelileta mara ya kwanza ni dereva wake. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyezaliwa palepale shambani, na yeye na mkewe na watoto wanne walikaa katika nyumba ya wafanyakazi wa shamba.

"Fundi, nikikata kona inalia," akaniambia. "Halafu inakuwa ngumu kama ya lori."

Nikafungua boneti. Mafuta ya steringi yalikuwa yamepungua, na kiungo kimoja cha paipu kilikuwa kikitoa jasho. Nikakaza, nikaongeza mafuta kidogo. Kazi ya nusu saa.

Niliongeza mafuta gani? Ya breki. Kalasinga alinifundisha sheria moja tangu siku ya kwanza: penye sili za mpira, zile pete zinazozuia mafuta yasivuje, usitie mafuta mengine, yatauvimbisha mpira, tia ya breki tu. Kwa magari yetu ya Kiingereza sheria hiyo haikuwahi kuniangusha. Nikampa dereva kopo zima aende nalo, nikamwagiza: kila asubuhi, kabla hujawasha, tazama; yakipungua, ongeza. Akanionyesha kitabu cha gari kilichokuwa ndani ya dashibodi. Nikamwambia vitabu ni vya makarani.

Wiki tatu baadaye akarudi, na kopo tupu. Safari hii gari lilikuwa linavuja kweli. Nikabadilisha paipu. Kisha nikapangusa kila kitu, nikanyunyiza ule udongo mweupe unaochimbwa Kariandusi, maana unafyonza mafuta na kuonyesha yanapoanzia, nikalipandisha gari hadi karibu na Menengai nikarudi. Udongo ulikuwa umelowa kwenye pampu, kwenye boksi ya steringi, kila mahali. Nilikasirika kana kwamba nimetukanwa. Nikakaza kila nati niliyoifikia, nikajaza tena mafuta ya breki, nikazunguka lile gari mara sijui ngapi nikipangusa mikono ambayo ilikuwa safi tayari.

Mzungu akaja mwenyewe kulichukua.

"Mafuta nakwisha kwa nini?" akaniuliza, dereva amesimama pembeni. "Nani nakosa?"

"Kazi yangu ni nzima, bwana," nikasema. "Labda huko shambani hayaangaliwi."

Hiyo "labda" niliitia ili uongo usiwe mzima. Mzungu akamwambia dereva hapohapo kwamba mafuta yakipungua mara moja tena, atatoka shambani yeye na watu wake wote.

Mara ya tatu gari lililetwa na dereva mwingine, kijana. Ilikuwa Alhamisi. Nikamuuliza mwenzake yuko wapi.

"Alifutwa, boss. Ako na mpaka Jumamosi atoke kwa nyumba."

Nililivua koti langu nikalivaa tena. Siku hiyo sikukaza kitu. Niliitoa pampu, nikaifungua mezani. Sili yake ilikuwa imevimba na kulainika kama andazi lililosahaulika ndani ya chai. Niliibonyeza, kidole kikaingia. Nikaiweka kando ya sili ya breki, nikazibonyeza zote mbili. Mipira ile haikuwa ya aina moja. Nikaenda kwenye dashibodi, nikachukua kile kitabu, nikasoma kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Palikuwa na mstari wa herufi nene: tia mafuta ya giaboksi ya gari lisilo na klachi. Chini yake: usitie ya breki kamwe. Kumbe kila tone la breki tulilotia lilikuwa likiila sili, na gari likazidi kuvuja.

Kalasinga aliposikia akafunga mlango wa ofisi. "Nyamaza," akasema. "Tutasema sili ilikuja mbovu." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na gereji ya kulinda. Sili nilizichonga mwenyewe kutoka ngozi ngumu, zishike mpaka zije za kweli. Nikaosha mabomba yote, nikatia mafuta yanayotakiwa. Ijumaa asubuhi usukani ulizunguka kwa kidole kimoja, kimya. Nilimwambia Kalasinga nalijaribu barabarani, nikapanda pamoja na yule kijana aliyekuja kulichukua, tukaenda moja kwa moja hadi Subukia.

Njiani sikuweza kukaa. Nilifungua dirisha, nikalifunga, nikamwambia kijana aongeze mwendo, nikamwambia apunguze.

Mzungu alinisikiliza akiwa barazani. Nilisema kosa ni langu, dereva hana hatia, nilisema uongo mbele yake. Alizunguka na gari uwanjani mara mbili, akashuka ameridhika.

"Wewe mjinga," akasema. "Lakini sasa iko nzuri."

"Na dereva wako wa zamani, bwana?"

"Mimi kwisha andika ingine. Hapana geuza maneno."

Nikashuka kwa miguu hadi kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilimkuta dereva nje, anafunga masufuria kwa kamba, mkewe anakunja blanketi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, nikimwita mzee, na nikamwomba msamaha mbele ya mkewe kwa sababu ndivyo ilivyostahili. Mke aliingia ndani bila kunitazama. Dereva aliacha kamba, akaanza kuhesabu kwa vidole, kama mtu anayetaka kuelewa kazi yake mwenyewe.

"Ngoja, fundi," akasema. "Mimi nilikuwa nikiongeza kila asubuhi, vile uliniambia. Hata Jumapili. Hata siku mtoto alikuwa na homa. Sasa kama ningekuwa mvivu, hii nyumba ingekuwa bado yangu?"

Nikamwambia ndiyo.