Vitabu Vyangu Vyote Vikavaa Kaki

Rehema, mchumba wangu, aliniambia nipange vitabu vyangu, nitatulia. Nikabisha, maana mimi hubishana hata na utabiri wa mvua. Lakini Jumamosi nilijifungia chumbani kwangu, Shangani, nikavifuta vumbi na kuvijalidi vyote kwa karatasi ya kaki, kama madaftari ya shule ya msingi, ili unyevu wa bahari usiviharibu. Vikasimama rafuni vimefanana kama wanafunzi mstarini. Jamani, nilikaa sakafuni nikavitazama, moyo tulii, bila swali hata moja. Majina sikuyaandika kwenye majalada. Niliona wino ungeharibu ule urembo.

Jumapili akaja baba yake Rehema, mwalimu mstaafu, kuona ninavyoishi. Bila ridhaa yake hakuna ndoa.

"Sasa hapa unajuaje kipi ni kipi?" akauliza.

"Baba, mimi navijua kwa kuvishika tu."

"Ehee! Hebu nipe cha kilimo cha korosho."

Rehema, aliyekuja naye, akanikanyaga mguu niache. Wapi! Nikapapasa, nikapima unene, nikachomoa kimoja na kumkabidhi kwa mikono miwili. Mzee akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza na kusoma kwa sauti ya darasani:

"Mbinu za Kumlainisha Baba Mkwe Mgumu."

Rehema akakimbilia jikoni kucheka. Mzee akafunua kurasa taratibu, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Umefika sura ya ngapi, mwanangu?"