Vichwa Nilivyovipeleka Kibondo

Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya wasichana hapa Kasulu, na nilikuwa natafuta mashindano ya kitaaluma ya kuwapeleka wanafunzi wetu. Wenzetu wa Makere walikuwa wameshaleta kikombe cha insha, na kila asubuhi mkuu wa shule aliniuliza, kabla hata ya salamu, "Mwalimu, chetu kiko wapi?"

Basi gari la matangazo likapita sokoni: "Jumamosi, Kibondo! Shindano la vichwa! Leteni vichwa vyenu vikali!"

Shuleni, mwanafunzi mwenye akili tunamwita kichwa. Sikuona haja ya kuuliza zaidi. Nikatangaza mstarini, mkuu akanipigia makofi, nikachagua vichwa vyangu na kuvikamua kwa logarithimu wiki nzima. Kabla ya safari nikaamuru wote wanyoe upya, kama kanuni ya shule inavyotaka, tena wapake mafuta wang'ae.

Ukumbini tulikuta viti vimepangwa mbele ya vioo. Nikaona ni mbinu nzuri ya kuzuia kuibiana majibu. Nikawakalisha. Odetha akaanza kujinong'onea jedwali la elementi.

Akaja mama mwandaaji, mwenye duka la vipodozi, kitana mkononi na mafungu ya rasta begani. Akawatazama wote, akampapasa Odetha utosini, kisha akanigeukia kwa upole.

"Karibu sana, mwalimu wangu. Sasa hapa tunasuka nini?"