Memori mpya na dole gumba la Mama Zuhura

Ndugu waheshimiwa wa kundi hili la barua pepe,

Nawaandikia kwa furaha kuwaarifu yaliyotokea leo nyumbani kwangu Tegeta, na kuomba uamuzi wenu.

Nilikuwa nikiiongezea memori, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, kompyuta yangu kuukuu, ninayoandikia barua za maombi za majirani.

Aliyeniuzia alinionya, "Mzee, iguse kwa adabu."

Niliigusa kwa adabu. Niliishika hata kwa leso safi, nikaipachika taratibu mahali pake.

Nilipoiwasha, kompyuta ililia mara tatu, na kioo kikabaki cheusi.

Nilijua nimeiua, pamoja na barua zote za watu.

Mke wangu, Mama Zuhura, alitoka jikoni akijifuta unga mikononi.

"Baba Zuhura, mbona unaibembeleza kama bi harusi? Isukume!"

Niliizima. Akaikandamiza memori kwa dole gumba mpaka ikalia "ta!"

Nilipoiwasha tena, tarakimu za memori zilipanda kiooni hadi maradufu ya zamani!

Tulipiga makofi. Jirani akapiga kigelegele dirishani bila hata kujua sababu.

Sasa Mama Zuhura anasema, "Fundi ni mimi. Wewe karani wangu."

Nami nimekwisha kujitangaza fundi mtaa mzima.

Naomba mwamue: cheo hicho kibaki kwangu, au kihamie kwake?