Nyumba ya Mtu Mmoja

Kila Krismasi, ibada ikiisha na kabla sufuria hazijafunuliwa, waumini wa kanisa moja dogo la matofali katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nje ya Lilongwe, husimuliana mwaka. Katibu Épitace hufungua daftari na kuita nyumba moja baada ya nyingine, na mkuu wa nyumba husimama kueleza nani amezaliwa, nani ameoa, nani amepona, nani amepata barua ya kusafiri kwenda kuishi ng'ambo. Nyumba, kwa daftari hilo, ni mume na watu wake, au mjane na wanawe. Asiyeoa wala kuolewa huandikwa chini ya ndugu yake, mwishoni, baada ya watoto.

Odette, fundi cherehani wa miaka arobaini na mmoja, alikuwa ameandikwa chini ya kaka yake Honoré tangu walipofika kutoka Fizi, miaka kumi na mitatu iliyopita. Kwamba alilala chumba chake na kupika sufuria yake, hilo halikuhusu daftari. Kila Krismasi Honoré alimalizia ushuhuda wake kwa maneno yale yale: "Na dada yetu Odette iko muzima, tunaendelea kumuombea." Watu waliitika amina kwa sauti ile wanayowawekea wagonjwa, na mwaka wa Odette ukawa umekwisha kusimuliwa.

Mwaka huu, hata hivyo, haukuenea katika sentensi moja. Odette alikuwa na bahati kubwa ya kutokuwa na mume, na jirani zake wote walijitolea kumsaidia kuitumia.

Mwezi wa pili kwaya ya akina mama ilitaka sare. Walimtuma Odette kwenye soko la Tsoka, Lilongwe, kuchagua kitambaa, kwa sababu, kama alivyoeleza Mama Antoinette, kiongozi wao, "Sisi tuko na batoto. We uko na nini?" Odette, ambaye hakuwa na nini, alizunguka soko kutwa nzima, akapata kijani kilichowatosha wanawake ishirini na wawili. Njiani kurudi, minibasi ikaharibikia Lumbadzi. Akapanda kabaza ili awahi gari jingine, na baiskeli hiyo ikaenda moja kwa moja mtaroni pamoja naye na kijani chote.

"Pepani, mayi, pepani!" dereva akaomba radhi, huku akilikagua gurudumu.

Antoinette alipolifungua furushi alisikitika sana. "Odette, kitambaa iko na matope!" Goti la Odette pia lilikuwa na matope, na damu kidogo, lakini goti si sare. Alifua, akapiga pasi, akashona zote ishirini na mbili. Yake hakushona, kwaya ile ni ya akina mama.

Mwezi wa tano jirani yake Gloriose, Mrundi asiyejua Kichewa, alipelekwa mjini kujifungua. Bwana wake alikuwa na shughuli. Odette akaenda kuwa mkalimani, akaandikwa kuwa msindikizaji wa mgonjwa, akakaa huko siku tatu akitafsiri uchungu wa Kirundi kwa wakunga wenye haraka. Siku ya nne bwana akatokea na chupa ya Fanta, akapongezwa na wodi nzima. Mtoto akapewa jina la shangazi yake aliyebaki kwao Makamba, ambaye hata habari hakuwa nazo.

Mwezi wa nane akaja Bigirimana, mgane wa watoto watano, kupunguziwa suruali. Suruali ilikuwa inamkaa vizuri kabisa. Aliyempeleka ni Antoinette, aliyekuwa akimtafutia mke. Bigirimana alipopimwa kiuno alibana pumzi, kisha akauliza kwa upole kama Odette huumwa mgongo.

"Mgongo ni muzima, papa," Odette akasema, "lakini iko na kazi mingi."

Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja, Épitace alipotangaza kwamba anaandika daftari jipya, Odette alikwenda kwake akaomba jambo moja: aandikwe nyumba yake peke yake, aitwe kwa jina lake, asimame.

Épitace akavua miwani, akatabasamu kama mtu aliyepewa siri. "Basi! Nimeelewa, ma soeur. Siulizi jina ya bwana. Krismasi tutamuona."

"Hakuna bwana, Épitace."

"Njo vile, njo vile," akajibu, akifunga mdomo kwa kidole. Kwani katika kanisa lile mwanamke hutoka kwenye orodha ya kaka yake kwa mlango mmoja tu. Hadi kufika jioni Odette alikuwa amechumbiwa na mfanyabiashara wa mtaa wa Area 23, na mwalimu wa Lilongwe, na, kwa mujibu wa waliokuwa na uhakika, Bigirimana. Bigirimana mwenyewe hakuwa ameulizwa na mtu, lakini alinunua tai.

Honoré alikuja akasimama mlangoni, hakukaa. "We unaolewa, na mi naambiwa kwenye bomba ya maji?"

"Siolewi, yaya," Odette akamjibu kaka yake. "Nataka tu nisimame."

Hilo lilimuumiza zaidi. "Kama ni bwana, ningefurahi. Sasa bantu batasema nini? Batasema Honoré alishindwa kulisha dada yake mumoja, akamufukuza. Rudi kwa Épitace, umuambie ulikosea."

"Yaya, miaka kumi na tatu unanisemea sentensi moja."

"Ni ya uongo?"

"Si ya uongo. Ni fupi."

Honoré aliondoka bila kuaga, na kwa wiki nne mkewe, Kabibi, ndiye aliyekuwa akileta salamu, tena nusu nusu. Mara mbili Odette alivaa viatu aende kwa Épitace kufuta ombi lake. Mara zote mbili akavivua. Hakuwa amewahi kuomba kitu kidogo hivyo kikawa kizito hivyo.

Siku ya Krismasi mvua ilipiga mabati hadi mahubiri yakafupishwa, neema ambayo hakuna aliyeitolea ushuhuda. Nyumba zikaanza kuitwa. Honoré alisimama na shati lake jeupe, akataja mtoto aliyefaulu, homa ya Kabibi, nyanya zilizokubali. Kisha akafika mahali pa Odette. "Na… dada yangu atajisemea," akamaliza, akakaa. Kina mama wakapiga vigelegele. Bigirimana akaiweka tai yake sawa.

"Nyumba ya Odette!" Épitace akaita mwisho wa wote, akiangalia mlango.

Odette akasimama peke yake. Akashika benchi la mbele. Akaeleza mtaro wa Lumbadzi, na watu wakacheka kwa namna ambayo hawakutazamia kucheka. Akaeleza sare zilivyolowekwa, na kwaya ikaangalia chini kwenye kijani chake. Alipofika hospitalini, Gloriose akapaza sauti kutoka nyuma, "Siku tatu! Sema nilikuuma mukono!"

"Aliniuma mukono," Odette akakiri. "Alama iko."

Akasema pia, taratibu, kwamba zilikuwepo siku ambazo hakusikia sauti yake mwenyewe mpaka mteja wa kwanza abishe hodi, na kwamba siku hizo nazo alikuwa mzima. Hapo hawakucheka.

"Na bwana?" akauliza Antoinette, aliyekuwa na subira kidogo.

"Hakuna bwana, mama. Ni mi tu."

Bigirimana akailegeza tai, na kusema kweli alionekana kupumua vizuri zaidi. Épitace alishikilia kalamu hewani, akamgeukia Honoré, kwani mambo ya namna hii huulizwa mwanaume. "Sasa? Nimurudishe kwako?"

Honoré alijisugua uso kwa viganja. Kanisa zima lilimngoja, na Odette kuliko wote. Angesema ndiyo, ingekuwa imekwisha, na wala asingekuwa kaka mbaya.

"Acha vile iko," akasema. "Mi sikujua hata ya mutaro."

Épitace akainama juu ya daftari kama aliyelazimishwa kula majani mabichi. "Nyumba ya Odette. Bantu bangapi?"

"Mumoja."

"Mumoja," akaandika. Kisha uso wake ukachangamka, maana alikuwa amekumbuka kanuni. "Sasa, kama ni nyumba, ni nyumba. Mukutano wa Januari, kila nyumba inapokea bageni batatu. Siku nne."

"Na uji ya asubuhi ni ya mwenye nyumba," Antoinette akaongeza, aliyefurahi kupata la kusema.

Odette alikiwaza chumba chake: kitanda kimoja, cherehani, mkeka mmoja. Wageni watatu wangelazimika kulala kwa zamu, na yeye asimame.

"Andika," akasema.