Mlinzi Mfupi wa Goli

Anayesema netiboli ni mchezo wa warefu, aje tubishane. Mimi nilikuwa mfupi, nikalinda goli la shule yetu kule Kibosho miaka ile ya elimu ya kujitegemea, na sioni haya kujisifu.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mama mkali kutoka Songea. Sisi walinzi hakutupa mpira. Alitupeleka kwenye shamba la kahawa la shule, tukimbie kinyumenyume katikati ya mibuni, mikono mgongoni, huku mwenzako anakujia akitafuta pa kukupita. Ukigusa mti ukaangusha hata punje moja mbichi, jioni unabeba samadi. Kwenye netiboli kumgusa mtu ni kosa, na alitaka miili yetu ilijue hilo.

"Macho yanadanganya," alikuwa akisema. "Kiuno hakidanganyi. Tazama kiuno."

Samadi nimebeba mpaka wenzangu wakakataa kulala karibu nami. Lakini nikajifunza.

Siku ya mechi tulishuka mjini kucheza na shule ya huko. Mwalimu alikuwa ameshanionya kwamba nikivurunda, nafasi yangu anapewa msichana mrefu wa kidato cha tatu. Nafasi ile niliipenda kuliko chakula. Mfungaji wao alikuwa msichana wa rika langu, mrefu, mwenye maneno. Aliponiona akawauliza wenzake, "Huyu nani atamnyonyesha?" Uwanja mzima ukacheka.

Akafunga. Akafunga tena. Kumbe shida yangu haikuwa urefu wake. Kibosho tulizoea kurudi nyuma kwenye mteremko wa shamba lile la kahawa, na miguu yangu ilijizuia yenyewe isiporomoke. Mjini palikuwa tambarare. Kila nikirudi nyuma nilijizuia bure, nikachelewa.

Wakati wa mapumziko mwalimu akamwita yule wa kidato cha tatu. Nilipandwa na hasira.

"Samahani, Mwalimu, sitoki," nikasema. "Kosa langu nimeshalijua."

Enzi zile kumjibu mwalimu hivyo ni kujitafutia fimbo. Alinitazama, kisha akamwambia mwenzangu akae.

Niliporudi uwanjani nikaiachia miguu. Nikasahau mpira, nikasahau maneno ya mfungaji wao, nikamganda kiunoni bila kumgusa. Akienda kulia nipo, kushoto nipo. Alipotaka kurusha nilingoja mpira umtoke mkononi, ndipo nikaruka. Nikaupiga nje. Akaanza kuwafokea wenzake. Mdharau mwiba mguu huota tende! Sisi tukafunga, tukawafikia, na kabla ya filimbi ya mwisho tukawapita kwa goli moja.

Wenzangu walinibeba juujuu, nami nikapiga kelele kama mwehu. Waliponishusha, yule mfungaji wao alikuwa amesimama mbele yangu, jasho linamtoka. Nilijiandaa kwa matusi. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Nikaitikia marahaba, tena kwa sauti, wa mjini wote wasikie.