Ua Lisilofumba Jioni

Nilifunga safari hii kwa sababu ya ua moja la pinki lililokataa kunyauka. Nilikuwa nimemnunulia Mama Chantal kaktasi ndogo ya kuenea kiganjani, kumshukuru kwa uji alionipikia nilipougua kifua. Nilimpa mbele ya watu wa jumuiya yetu ya sala, wakapiga makofi. Miezi ikapita. Ua likabaki vilevile, mchana na jioni, limekodoa kama jicho la samaki. Kisha utosi wa mmea ukaanza kuoza. Mama Chantal alipolivuta ua, akakuta gundi imelishikilia.

“Baba Neema, weye ulijua?”

Swali hilo lilinichoma. Sikujua, Mungu shahidi. Lakini nilijiuliza pia: niliangalia vizuri, au nilipenda rangi tu?

Jumamosi asubuhi, Bellevue, mtaa wetu wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika. Mama Chantal, msusi, mtu wa Bukavu, alifunga saluni yake ili anisindikize kule nilikonunua. Alitaka kusikia mwenyewe jibu nitakalopewa, na hilo lilinitia hofu. Nilibeba chungu kwenye mfuko nikipanga maneno makali. Tulipobadilisha teksi mjini, maneno yalikuwa yameongezeka. Tulipokipita kitongoji cha Alexandra, yalishakuwa hotuba.

“Weye unatetemeka kuliko mfuko,” Mama Chantal alinicheka.

Bustani ya miche, kabla ya jua kuwa kali. Muuzaji alikuwa Mkenya, jina lake Wanjiru.

“Woi, hiyo imeoza juu,” alisema.

“Imeoza kwa sababu mmemwaga gundi ya moto pale inapokulia!”

“Si sisi, mzee. Tunaletewa zikiwa hivyo. Bila ua hakuna mtu ananunua.”

Hotuba yangu ikapungua nguvu. Lazima niseme haki: hakunificha kitu. Alitupeleka nyuma, penye kaktasi kubwa ya aina ileile, asili yake, alisema, Meksiko. Mimi niliishia darasa la saba, naandika nilichoona tu. Haina mbavu kama kaktasi nyingine. Ina vinundu vilivyozunguka kwa mistari, kama kichwa kilichosukwa, na kila kinundu kina miiba yake, mmoja umepinda kama ndoana. Kati ya vinundu kuna sufi nyeupe. Humo ndimo maua hutokea, madogo, ya pinki, yakaizunguka kaktasi kama taji. Utosini halioti hata moja. Jioni, Wanjiru alituambia, hufumba.

Na mbele, mezani, zimepangwa safu za kaktasi changa, kila moja na ua kavu limebandikwa utosini!

“Basi waambieni watu!” nilipaza sauti.

“Nikisema, bosi atanifuta. Chukua nyingine, mzee, yaishe.”

Mama Chantal akakataa. “Dada, mimi nabandikaka nywele za watu kila siku. Lakini mteja anaona gundi, anakubali. Uyu baba, nani alimuonesha gundi?”

Niliposikia hivyo, nilipata pumzi. Swali lake, kama nilijua, alikuwa amelijibu mwenyewe.

Mama Chantal alitoa mkobani kichupa cha mafuta ya kubandulia nywele, akayapaka taratibu kwa pamba kwenye gundi ya ua letu. Ua likatoka na ngozi, likaacha kovu. Mama mmoja aliyekuwa ameshika kaktasi yake tayari kulipa akaligusa ua lake, akalivuta. “Eish!” Akairudisha mezani.

Wanjiru alinong’ona, “Dada, mafuta gani hayo?”

Tulirudi Bellevue na mgonjwa wetu, bila fidia, bila mwenye duka kutuomba radhi.

Baridi ilipoisha, Mama Chantal aliniita dirishani kwake. Maua madogo ya pinki yalikuwa yamezunguka lile kovu, kama mzee mwenye kipara aliyevishwa shada. Tulikaa tukayaangalia mpaka jua likazama, yakafumba moja baada ya jingine.

“Ona, inasinzia,” alisema.

Nilichojifunza ni kuangalia kabla ya kupenda. Lakini hasira yangu naitunza. Zile nyingine bado ziko mezani, zimekodoa macho, na haziruhusiwi kulala.