Niliwasomea watu tangazo kwamba askari wa kigeni wameleta amani, wakashuka kutoka mlimani

Wakuu, nawasalimu nyote, wa dini yangu na wa dini nyingine.

Kwa siku tatu nimekuwa nasoma humu mnavyobishana: jeshi la kigeni likiingia nchi ya watu, vita inapungua au inaongezeka? Kila upande una ramani na hesabu zake.

Mimi sina ramani. Nina kisa kimoja tu, na sitakiongeza chumvi, maana mwenye kosa ndani yake ni mimi.

Ilikuwa Kalemie, miaka ya Zaire. Nilikuwa katekista. Nilihudumia kanisa la mtaa wetu karibu na reli, pamoja na vikanisa vya vijiji vya ziwani, upande wa kwenda Zongwe.

Wakati huo waasi walikuwa milimani. Wakishuka, askari wa serikali wanapanda, na wote wawili wanakula mbuzi za watu njiani. Kijiji kimoja, jina nitalihifadhi, kilihama chote kikajificha juu, kwenye mashamba ya mihogo.

Kisha wakaja askari wa kigeni, kwa ndege.

Nisiwasingizie. Walikuwa watu wa heshima. Walilinda uwanja wa ndege, bandari, na barabara kati yake. Mjini kukatulia kabisa. Soko likajaa, watoto wakarudi shuleni. Nilipiga magoti nikashukuru, na hata leo sijutii kushukuru.

Ninachojutia kinafuata.

Komiseri wa zone, mkuu wa serikali wa eneo letu, aliniita biro, ofisini kwake, akanipa barua: watu wote warudi vijijini, wageni wamefika, usalama upo.

"Mukiisoma ninyi watu wa Mungu, watasikia," akasema. "Mimi nikiwatumia askari, watakimbia zaidi."

Nikacheka naye. Sikujiuliza kwa nini watu wawakimbie askari wake.

Kwa wasiojua desturi yetu: tangazo likisomwa kanisani baada ya komunyo, kabla ya baraka, hakuna anayelibishia. Watu wanalipokea kwa masikio yale yale waliyopokelea Injili. Nilijua hilo vizuri, ndiyo sababu nikalisoma saa hiyo.

Nililisoma kule juu, Jumapili asubuhi, watu wameketi kwenye nyasi. Baadaye akanifuata Papa Kisimba (kwetu Papa ni baba), seremala na mpiga ngoma wa kikanisa cha kijiji kile. Mke wake, Mama Feza, alikuwa na kikohozi cha baridi ya mlima na alitaka kushuka. Kisimba hakutaka.

"Papa Katekista, hii maneno ni ya Mungu ao ya komiseri?"

Mama Feza akamkata: "Weye unapenda baridi kama chura! Bakia na mihogo yako, miye nashuka."

Watu wakacheka. Kisimba hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikamjibu, "Papa, leo ni neno moja."

Wakashuka wote.

Majuma machache yalikuwa mazuri. Kisimba alitengeneza milango ya nyumba za watu, kikohozi cha mkewe kikaisha. Mimi nilijisifu moyoni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikulifikiria. Askari wa serikali waliokuwa wakilinda uwanja na bandari, wageni walipochukua kazi hiyo, walikwenda wapi? Hawakwenda kwao. Walipakiwa kwenye kamyo, malori ya jeshi, wakatawanywa vijijini, bila mshahara, bila chakula.

Amani ya mjini ilikuwa ya kweli. Lakini niliipima nikiwa mjini.

Walifika kijijini mchana, wakauliza watu wametoka wapi. Wakajibiwa ukweli: mlimani.

"Basi ninyi ndio waasi wenyewe," sajenti akasema.

Wakamchukua Kisimba na wanaume wengine wawili. Mama Feza aliniambia mumewe alikuwa anarudia neno moja tu: "Muulize Papa Katekista, yeye njo alituita."

Hawakurudi.

Nilienda kwa wageni. Ofisa wao alinipa kiti akanisikiliza hadi mwisho, kupitia mkalimani. Akasema amri yake ni uwanja, bandari na barabara. Kijiji hakimo. Hakunidanganya. Mimi ndiye niliyewaahidi watu kitu ambacho yeye hakuwahi kukiahidi.

Komiseri alisema atauliza. Sijui kama aliuliza.

Wana wawili wa Kisimba, watu wazima tayari, wakarudi mlimani. Safari hii hawakwenda kujificha. Walikwenda kuchukua bunduki. Wageni walipopanda ndege yao kuondoka, waasi walikuwa wengi kuliko walivyowakuta, na kati yao walikuwamo niliowafundisha sala.

Mama Feza alihamia mjini kwa dada yake. Nikaenda kumwomba msamaha. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, hakuacha kutwanga.

"Miye nilishakusamehe, Papa. Lakini batoto wanasikia sauti yako. Panda, uwaite."

Nikasema nitapanda. Nikangoja njia itulie. Kisha nikangoja mvua ipite. Kisha Pasaka ipite.

Habari ikaja kwamba yule mwana mdogo ameuawa. Mkubwa hakusikika tena.

Wakuu, sisemi wageni walituletea vita. Vita tulikuwa nayo. Ila mtu akikuambia mahali fulani pametulia kwa sababu ya jeshi la kigeni, muulize wenye bunduki waliotolewa pale wamepelekwa wapi, na watu wa huko wameambiwa nini. Na wewe unayeaminiwa na watu, usisome barua ya mkubwa kwa sauti ya Mungu.

Mama Feza amekwisha kupumzika. Mimi Bwana ameniachia umri, namshukuru. Kila mwaka naombea nyumba ile, na nikifika kwa yule mwana mkubwa sijui niombee aliye hai au marehemu.

Mliokaa Nyunzu, Manono, au mliovukia Kigoma, semeni mliyoyaona. Nikosoeni pia, nitavumilia. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.

Na wewe, mwana wa Kisimba, kama unapita humu: sikuambii tena wapi kuna amani. Andika tu kwamba uko hai.